Tambi za Nonna, karai la Guangzhou

Siku yangu ya tatu katika jiko la hoteli moja ndogo ya Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, nilichemsha tambi kama anavyozichemsha mama yangu Tanga. Nilizitia majini, nikaenda zangu kuchambua dagaa, na niliporudi zilikuwa zimevimba, zimelala, laini kama uji wa mtoto. Mama yake tajiri wetu, mwenye hoteli, alikuwepo. Alikuwa bibi wa Kiitaliano wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Puglia, kusini mwa Italia, kule kwenye kisigino cha ile ramani yao ya kiatu, na sote tulimwita Nonna kwa kuwa ndivyo wajukuu zake walivyomwita. Alitia uma sufuriani, akatoa uzi mmoja, akautafuna polepole huku amenikazia macho. Hakunigombeza. Alibeba sufuria nzima kwa vitambaa viwili, akatoka nje, akawamwagia kuku wa mlinzi.

Kuku walishukuru. Mimi nilikuwa na miaka 22, cheti kipya cha upishi mkobani, na sikujua kwamba tambi zinaweza kuiva kupita kiasi. Kwetu tambi ni futari. Unazikaanga kidogo zibadilike rangi, unatia tui, sukari, iliki na zabibu, unafunika. Nani ameshika saa?

Nilikaa na bibi yule miaka minne. Baadaye nikaacha hoteli, nikawa nafuatana na dada yangu Guangzhou, China, alikokuwa akinunua mizigo ya Kariakoo, safari za wiki tatu tatu, na huko nako nikanaswa na jiko la mtu. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema chakula cha Waitaliano ndicho chenye afya, au kwamba Wachina hawaugui kwa sababu ya wanachokula, huwa nina la kusema. Nimejizuia siku nyingi. Lakini miezi michache iliyopita mama alirudi kutoka kliniki na karatasi ya presha na sukari, na kabla sijamaliza kuisoma majirani wawili walikuwa wameshaleta tiba: mmoja chupa ya mafuta ya zeituni, mwingine chai ya Kichina ya kukata tumbo. Basi leo nasema.

Nianze na neno lenyewe, maana neno lina mambo. Sisi tulipoziona tambi tuliona tambi za taa, ule utambi unaonyonya mafuta ya taa. Waitaliano walipoziona waliona minyoo: vermicelli ni vijiminyoo. Spaghetti ni vijikamba, linguine ni vijiulimi, na zile za kwao Nonna, orecchiette, ni visikio. Alikuwa akivifinyanga kwa kidole gumba juu ya ubao, kimoja kimoja, unga wa ngano ngumu na maji ya uvuguvugu basi, bila yai. Mayai ni mambo ya kaskazini walikokuwa nacho, alisema. Kusini walikuwa na unga na jua.

Kisha ile hadithi ya Marco Polo. Kila mtu anaijua: Mzungu alikwenda China, akala tambi, akarudi nazo Venezia. Ni hadithi tamu na si kweli. Marco Polo alirudi mwaka 1295. Lakini mwaka 1154, al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyekuwa katika ikulu ya mfalme Roger wa Pili huko Palermo, aliandika habari za Trabia, mji mdogo wa Sicilia, kwamba kuna vinu vya maji na kwamba watu wanatengeneza itriya kwa wingi, wanapakia vyomboni kwenda Calabria na kwenye nchi nyingine za Waislamu na Wakristo. Itriya ni neno la Kiarabu la tambi kavu. Na huko Genova kuna hati ya mwaka 1279 inayoorodhesha mali za marehemu mmoja, ndani yake kapu la makaroni. Hakuna mtu anayeandikia urithi kitu kilichoingia mjini jana. Hadithi ya Marco Polo ilikolezwa na jarida la wafanyabiashara wa makaroni wa Marekani mwaka 1929, wakitaka kuuza makaroni.

Wachina nao wana zao, na ni za kale kuliko zote. Huko Lajia, mkoa wa Qinghai, wachimbuaji walikuta bakuli la udongo limepinduka, na chini yake nyuzi za chakula zenye umri wa kama miaka 4,000. Habari ilitangazwa mwaka 2005: nyuzi zile zilikuwa za nafaka ndogondogo za jamii ya uwele, si ngano. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama unga wa nafaka hiyo unaweza kuvutwa ukawa uzi mrefu bila kukatika. Mimi nimejaribu kufanya chapati za uwele. Nipo upande wa wanaobisha.

Ninachotaka kusema ni kwamba majiko haya mawili tunayoyaita ya jadi yamejaa vitu vya kuja. Nyanya haikuwa ya Waitaliano. Ilitoka Amerika, na mwaka 1544 tabibu Mattioli aliiandika kama kitu kigeni kinachofanana na bilinganya. Wakaja kuiita pomodoro, tufaha la dhahabu. (Wakenya wanamwita bibi "nyanya", na nilipomwambia Nonna kwamba kwa Kiswahili cha jirani zetu yeye na sosi yake ni neno moja, alicheka mpaka akakaa chini.) Mapishi ya kwanza ya sosi ya nyanya tunayoyajua yalichapishwa Naples miaka ya 1690, nayo yaliitwa ya Kihispania. Naples penyewe, kabla ya tambi kuwa rahisi, watu wake walitaniwa kuwa ni mangiafoglie, wala majani, kwa jinsi walivyokula kabichi na mboga. Karne ya 17 zikaja mashine za kukamulia tambi, bei ikashuka, mji ukajaa watu na nyama ikawa haishikiki, na jina likabadilika: wakawa wala makaroni. Miaka mia tatu na ushee tu. Kuna mibuyu yenye umri mkubwa kuliko hapo.

Wachina wao angalau hawafichi. Nyanya wanaiita fanqie, bilinganya ya kigeni. Kiazi kitamu ni fanshu, kiazi cha kigeni. Mfanyabiashara wa Fujian, Chen Zhenlong, alikileta kutoka Luzon mwaka 1593 na kikaokoa watu wakati wa ukame. Pilipili, hii inayofanya mapishi ya jimbo la Sichuan yajulikane dunia nzima, imeandikwa kwa mara ya kwanza China mwaka 1591, tena kama ua la kupendeza, nayo iliitwa fanjiao, pilipili ya kigeni. Kabla ya hapo Sichuan walikuwa na punje zao zinazotia ganzi mdomoni, lakini moto ule tunaoujua haukuwepo. Na mtama? Mtama ulitoka huku kwetu Afrika, ukapita India, ukafika China, wakauita gaoliang. Leo ile siki nyeusi ya Shanxi wanayojivunia inatengenezwa kwa mtama, na pombe yao kali pia. Dada yangu aliposikia haya alitaka tudai hakimiliki.

Sasa afya, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyana.

Kaskazini ya Italia, Veneto na Lombardia, chakula cha mkulima kilikuwa polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya manjano. Sisemi unafanana na ugali, ni ugali. Unasongwa kwa mwiko kwenye sufuria ya shaba, unamwagwa juu ya ubao, unakatwa kwa uzi. Watu wa kusini wanawatania wa kaskazini hadi leo kwa kuwaita polentoni. Mahindi nayo yalikuja kutoka Amerika. Waitaliano wakayaita granturco, nafaka ya Mturuki, kama sisi tulivyoyaita mahindi tukadhani ni ya Wahindi. Wote tulikosea bandari.

Mahindi yalizaa kuliko ngano, na mwenye shamba akaona neema: ngano auze, kibarua ale polenta. Asubuhi polenta, mchana polenta, usiku polenta, na kitoweo cha kunusa. Katika karne ya 18 ukaanza ugonjwa wa ajabu. Ngozi inakuwa nyekundu na kukakamaa mahali panapopigwa na jua, mikononi na shingoni kama mkufu. Kisha tumbo la kuendesha, kisha akili inaruka, kisha kaburi. Tabibu wa Milano, Francesco Frapolli, aliuandika mwaka 1771 kwa jina walilotumia wakulima wenyewe: pellagra, ngozi chungu. Miaka ya 1880 serikali ilihesabu wagonjwa kama laki moja. Hospitali ya wendawazimu ya kisiwa cha San Servolo, Venezia, ilijaa watu ambao wazimu wao ulitoka kwenye sahani.

Chanzo kilikuja kujulikana vizuri karne ya 20: upungufu wa vitamini inayoitwa niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani na mwili hauipati. Wenyeji wa Amerika waliolima mahindi maelfu ya miaka walikuwa wakiyachemsha na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hapo hufunguka. Wazungu walichukua mbegu, hawakuuliza mapishi.

Nilisoma habari hii nikiwa nimekaa nje ya jiko la hoteli, sahani ya ugali na dagaa mapajani, na nilihesabu dagaa wangu. Sisi tunaponea kitoweo: dagaa, maharage, karanga. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wanaokula mgawo wa mahindi, walipokosa karanga zilizokuwa kwenye mgawo huo, pellagra iliwapata maelfu yao. Karanga tu. Kwa hiyo mtu akiniambia mapishi ya jadi ya Italia ni dawa, namuuliza: ya Italia ipi, na ya nani? Ya mwenye shamba au ya kibarua?

Jibu ambalo dunia imelishika ni la kusini, na lilishikwa na Mmarekani. Ancel Keys alikuwa mtaalamu wa fiziolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Naples na kuona jambo lililomshangaza: wafanyakazi wa kawaida, wanaokula tambi, maharage, mboga za majani, tunda, samaki kidogo na nyama mara moja moja, hawakuwa wakianguka kwa moyo kama matajiri waliokula nyama kila siku. Mwaka 1958 ukaanza utafiti wake wa nchi saba, wanaume zaidi ya 12,000 wa makamo, na Italia ilikuwa na vijiji vyake humo, Crevalcore na Montegiorgio. Wapo waliomkosoa kwamba alichagua nchi zilizomfaa, na ubishi huo haujaisha. Yeye mwenyewe alijenga nyumba Pioppi, kijiji cha wavuvi kusini ya Naples, akaishi huko miaka mingi, akafa mwaka 2004 akiwa na miaka 100. Mwaka 2010 UNESCO ikaandikisha ulaji huo wa Mediterania katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa dunia.

Nonna hakuwahi kumsikia Keys. Nilipomweleza kwamba chakula cha kijijini kwao kimekuwa urithi wa dunia, aliuliza ni chakula kipi. Nikamtajia. Akasema, "Hicho ni chakula cha njaa." Kisha akanisimulia jinsi walivyokuwa wakikaanga makombo ya mkate mkavu kwa mafuta kidogo na kunyunyizia juu ya tambi, kwa sababu jibini ilikuwa ya watu wengine.

Siku moja muuza mboga alileta mchunga, ule mchungu hasa, wa porini, ambao wazee wa pwani wanaupenda na vijana wanaukimbia. Nonna aliinua jani akalinusa, akalitafuna bichi, akaanza kusema Kiitaliano peke yake. Kwao kuna jani kama hilo, cicoria, na ukweli ni kwamba mimea hii miwili ni jamaa. Akanituma dengu. Akazichemsha mpaka zikavurugika zikawa rojo, akazipiga kwa mwiko na mafuta ya zeituni. Mchunga akauchemsha pembeni, akaukamua, akauweka juu ya rojo na kitunguu saumu. Kwao hutumia fava zilizokaushwa, maharage yale mapana, lakini alisema dengu zimefanya adabu. Tulikula sisi wa jikoni, wageni hawakupewa. Wageni walikula pitsa.

Hilo lilinikaa kichwani kuliko kitu chochote alichonifundisha. Na sahani yake ya tambi: alipima gramu 80 kavu kwa mtu mmoja, kwenye mizani. Mara ya kwanza nilidhani ananionjesha. Ukishazila ndiyo mwanzo. Inafuata mboga, samaki, tunda. Na zile tambi zenye kiini, zinazotolewa majini zikiwa bado zinakaza kidogo katikati, ambazo kuku hawakuzipata tena, zina faida yake: zinasagika tumboni taratibu kuliko mkate mweupe, na sukari haipandi kwa kasi. Alichokuwa akinifundisha kwa ukali kumbe kina maana kwa mtu mwenye karatasi ya kliniki kama mama yangu.

Guangzhou nilifika nikiwa najiona mpishi. Tulipanga chumba eneo la Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia, na chini ya jengo kulikuwa na mgahawa wa meza sita. Mama mwenye mgahawa na dada yangu walizoeana kwa simu ya kutafsiri. Mimi nikaruhusiwa kusimama mlangoni mwa jiko nisiguse kitu. Kabla ya kula, ukikaa tu, unaletewa birika la chai, na chai ile ya kwanza hainywewi: unasuuzia kikombe, bakuli na vijiti, unamwaga. Mara ya kwanza niliinywa. Wazee wa meza ya jirani walinitazama kwa huruma.

Karai lao ni karai letu, lile la mviringo, ila wao wanalitumia kwa namna nyingine kabisa. Sisi karai ni la mafuta mengi: sambusa, mihogo, samaki. Yule mama alilipasha mpaka likatoa moshi, akatia vijiko viwili vya mafuta, tangawizi, kitunguu saumu, halafu kapu zima la choy sum, ndugu wa chainizi yetu. Akageuza mara sita saba. Akatoa. Nilihesabu moyoni: hazikufika sekunde tisini. Majani yalikuwa ya kijani kuliko yalipokuwa bichi, na yakitafunwa yalilia. Nikakumbuka chainizi ya kwetu, inavyoungwa nusu saa na nyanya, kitunguu, karoti na mafuta ya kuelea, mpaka inageuka rangi ya sare za mgambo.

Wengi huieleza mbinu hii kwa kuni: panapokuwa na watu wengi na miti michache, unakata vidogo ukaivisha upesi. Kuna ukweli, ingawa Wachina wanachemsha supu saa tatu nzima kwa moto mdogo pia, na Guangzhou ndio mabingwa wake. Kilichonivutia zaidi kilikuwa nyama. Kipande kimoja cha nguruwe, kama kiganja cha mtoto, kilikatwa nyuzi nyembamba na kulisha meza ya watu wanne. Mimi na dada hatukula hicho, tuliomba yai na nyanya, chakula cha nyumbani cha China nzima: mayai yanavurugwa kwanza yanatolewa, nyanya inalainishwa karaini, mayai yanarudi. Lakini nilimtazama yule mama anavyoitumia nyama na nikamwona Nonna na kipande chake cha samaki mkavu. Kwa wote wawili nyama ni kiungo. Inaingia kama inavyoingia iliki, ili kitu kingine kiwe kitamu.

Nonna alikuwa akihifadhi maganda ya jibini ya parmigiano kwenye kopo, akayatumbukiza kwenye supu ya maharage. Mama wa Guangzhou alikuwa na uduvi mkavu na uyoga mkavu. Vyote vina glutameti, ile ladha ya utamu wa nyama ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 na leo inauzwa kwenye vipakiti kila duka la Tanzania. Mwaka 1968 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapa barua ya daktari aliyesema anajisikia vibaya akila mikahawa ya Kichina, na kwa miaka chungu nzima dunia ikaogopa chakula cha Wachina. Hakuna aliyeogopa parmigiano, ambayo imejaa kitu hicho hicho. Nasi tuna dagaa wa kutwanga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiwatia kwenye kisamvu bila kusoma jarida lolote.

Mambo ya moto na baridi hayakunishangaza, pwani tumeyakulia. Wachina wanagawa vyakula hivyo hivyo. Nilipovimba koo kwa kula vitu vya kukaanga, yule mama aliniambia nina moto, akanipeleka dukani kwa chai nyeusi chungu ya kupoza. Guangzhou maduka hayo yapo kila kona. Mwanamke akijifungua anatunzwa mwezi mzima ndani, analishwa tangawizi na supu za kutia joto. Sisi ni arubaini na uji wa pilipili manga. Mwaka 1330 tabibu wa ikulu ya Wamongolia huko China, Hu Sihui, aliandika kitabu kizima cha vyakula kama tiba. Si kila alichosema kingepita maabara leo. Lakini nilipenda kwamba mpishi na tabibu walikuwa wakizungumza.

Kasoro ipo, na ni chumvi. Mchina mzima kwa wastani hula chumvi kama mara mbili ya gramu 5 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linasema zisipitwe, na sehemu kubwa hutiwa nyumbani kwenye karai: soya sosi, mboga za kuchachusha, chumvi yenyewe. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000, wote walishawahi kupata kiharusi au ni wazee wenye presha. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Hawakubadilishiwa mapishi. Baada ya miaka mitano hivi viharusi vilikuwa vimepungua kwa 14% kwa waliopata chumvi hiyo. Nimeipenda habari hii kwa sababu haikumwambia bibi wa kijijini aache karai lake. (Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, potasiamu si ya kuchezea.)

Na wenyewe kwa wenyewe wanahama. Mwaka 1980 wenye kisukari China hawakufika 1% ya watu. Mwaka 2010 utafiti mkubwa ulikuta zaidi ya 11% ya watu wazima. Italia, mkoa wa Campania, huko huko Naples na Pioppi ya Keys, una watoto wanene kuliko mikoa mingi ya Ulaya. Wajukuu wa Nonna walikuwa wakimwambia dengu na mchunga ni chakula cha kuku.

Huwa nakumbuka makaburi ya Kunduchi. Wazee wetu walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi, na walifanya hivyo Kaole na kwingineko pwani pia. Meli za Wachina zilifika Malindi, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alipokelewa ikulu kwa mfalme Yongle. Bakuli tulizipenda tukazijengea. Kilichokuwa kikiliwa ndani yake hatukukiuliza, na hata leo ndivyo tulivyo. Kinachoitwa cha Kichina Dar es Salaam ni wali wa kukaanga unaong'aa mafuta na kuku wa sukari nyekundu. Kinachoitwa cha Kiitaliano ni pitsa ya soseji yenye jibini ya kutosha watu wanane wa Puglia. Bakuli zimefika tena.

Mafuta ya zeituni ya jirani nimemwachia mama kwa ajili ya kachumbari. Bei yake sitaitaja. Ya kupikia ni alizeti, kijiko kwa kijiko, na nimemfungia chupa kwa kifuniko cha matundu ili asimimine. Chai ya kukata tumbo niliisoma: ina majani ya kuharisha. Nimeificha. Chumvi tunapunguza. Tambi anazipenda, kwa hiyo nilinunua mizani ndogo ya jikoni, na Jumamosi iliyopita nilimpimia gramu 80, nikazichemsha dakika nane nikiwa nimesimama pale pale. Nikafanya rojo ya dengu. Mchunga nilinunua kwa mama mmoja pale Mgandini. Nikakaanga makombo ya mkate na kitunguu saumu, nikanyunyizia juu.

Mama alikaa mbele ya sahani muda mrefu. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Mwanangu, hizi tambi hazijaiva."

Nikamweleza habari za kiini, sukari kupanda taratibu, Puglia, na Nonna na kuku wa mlinzi. Alisikiliza kwa adabu zote, akala mpaka nusu, mchunga akaumaliza wote na kuomba mwingine. Kisha akasogeza kiti, akainuka akaenda kabatini, nikasikia vyombo vinagongana.

"Unatafuta nini, mama?"

"Mbuzi ya kukunia nazi."